Mwaka Mmoja na Watoto wa Watu: Vidokezo kwa Anayekwenda Kujitolea Ujerumani

Kila mwaka wapo vijana wa Dar, Moshi, Zanzibar, Nairobi na Kisumu wanaopanda ndege kwenda Ujerumani, si kusoma wala kutafuta kibarua, bali kujitolea. Njia inayojulikana zaidi ni weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani ulioanza 2008 kwa kuleta vijana wa Kijerumani huku kwetu. Tangu 2013 mlango ukafunguliwa upande wa pili pia, na sisi tukaanza kwenda kwao. Wengine hupangiwa chekechea, wengine nyumba za wazee, wengine mashamba. Vidokezo hivi ni vya wale waliopangiwa makao ya watoto. Habari za visa na uzito wa begi utapewa na kila mtu hadi uchoke. Mimi nazungumzia kazi yenyewe, kuanzia pale mlangoni unapovua viatu.

1. Vua viatu kwanza

Mlangoni kuna rafu, kila mtoto ana nafasi yenye jina lake, na wewe utawekewa yako. Viatu vya nje vinaishia hapo. Mtu wa Pwani hatashangaa. Ila sakafu ya Januari haina huruma na ndala za bafuni hazitoshi, kwa hiyo nunua za ndani zenye manyoya wiki ya kwanza tu. Beba pia kadi ya chanjo kutoka nyumbani: tangu Machi 2020 kila aliyezaliwa baada ya 1970 anayefanya kazi sehemu kama hizi lazima athibitishe kwamba ana kinga ya surua. Na cheti cha polisi cha tabia njema usikiache kwenye droo ya mama, kitaulizwa.

2. Usitarajie yatima

Wengi wa watoto utakaowakuta wana mama, wana baba, au wote wawili, na pengine wanaishi vituo vichache tu vya basi kutoka hapo. Wamepelekwa pale kupitia Jugendamt, ofisi ya ustawi wa watoto na vijana, kwa sababu nyumbani kuna ulevi, au ugonjwa wa akili, au kipigo, au mzazi mwenyewe kaja kuomba msaada kwa kuwa maji yamemfika shingoni. Hawalali kwenye bweni la vitanda arobaini. Wanaishi makundi madogo, watoto wanane, tisa, kumi, katika nyumba ya kawaida iliyo katikati ya nyumba za majirani, na wengi wana chumba chao na ufunguo wake. Kila mtoto ana mlezi anayemfuatilia kwa karibu, na ana mpango wa maandishi unaojadiliwa upya kila baada ya muda: mtoto, wazazi, mlezi na afisa wa Jugendamt wanaketi meza moja na kuulizana kama arudi kwao, na lini.

Kwa aliyezoea picha ya kituo chenye geti na bango la wafadhili, hili ni geni. Lakini hata kwetu mambo yanageuka. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wake wa malezi mbadala mwaka 2009, unaotaka familia ifikiriwe kwanza, na Kenya ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia na jamii.

Kwako wewe maana yake ni hii. Mama wa mtoto atakuja Jumamosi saa nane mchana. Mpe mkono, mkaribishe kahawa, umwite kwa heshima yake, maana yeye ndiye mama na wewe ni mgeni. Na asipokuja, na mtoto amekaa ngazini na begi lake tangu saa saba, usimseme yule mama hata kwa mguno. Kaa naye pale ngazini. Ukiwa na karata mfukoni, zitoe.

3. Soma daftari la zamu kabla hujafika kwa watoto

Zamu yako ya kawaida itaanza adhuhuri, wakati nyumba bado kimya. Anayemaliza zamu anamkabidhi anayeingia, na yote yameandikwa: nani hakulala vizuri, nani ana miadi ya daktari wa meno, nani kanyimwa televisheni na kwa kosa gani, nani kapigiwa simu na bibi yake akalia. Hilo daftari, siku hizi mara nyingi liko kwenye kompyuta, ndilo litakalokuokoa. Bila kulisoma utamruhusu mtoto kitu alichokatazwa asubuhi, naye atakushukuru kwa moyo wote huku timu nzima ikikutazama.

Kuanzia saa saba wanarudi kutoka shuleni mmoja mmoja. Namna mtoto anavyolitupa begi chini inakupa nusu ya habari za siku yake. Kisha chakula, kupanga vyombo kwenye mashine, kazi za shule, mmoja kupelekwa mazoezi ya mpira na mwingine kwa mtaalamu wa matamshi, nguo za kufua (kila mtoto ana siku yake ya mashine, ole wako uchanganye soksi), chakula cha jioni saa kumi na mbili, mswaki, hadithi. Saa mbili usiku wadogo wako kitandani. Hapo ndipo utagundua kwamba siku nzima hujakaa.

Vitu ambavyo si kazi yako pia vipo. Kabati la dawa lina ufunguo na ufunguo si wako. Zamu ya usiku si yako. Kubaki peke yako na kundi zima si kazi yako. Sheria ya huduma ya kujitolea ya shirikisho, iliyoanza 2011 jeshi la lazima liliposimamishwa, inataka mtu wa kujitolea awe mkono wa ziada, asichukue nafasi ya mwajiriwa. Walezi wakikuzoea, watasahau hilo, hasa kipindi cha mafua wafanyakazi wanapougua. Sema mapema, tena kwa upole. Hakuna atakayekuona mvivu.

Na ukimwambia mtoto "tutacheza baadaye", taja saa. Ukisema saa kumi, iwe saa kumi. Watoto hawa wameahidiwa mengi na watu wazima.

4. Mikono yako ikae mbali na sikio la mtoto

Tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inampa kila mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa wala kudhalilishwa. Haiishii kwenye fimbo. Kofi dogo, kuvuta sikio, kupigisha magoti, hata ule utani wetu wa "nitakuchapa wewe", vyote viache uwanja wa ndege. Kwetu mtoto husikia maneno hayo akacheka na kukimbia. Pale utakuwa unayasema mbele ya mtoto aliyeondolewa kwao kwa sababu hiyohiyo.

Wiki za mwanzo watakupima. Watakufichia kiatu, watakutukana kwa maneno usiyoyajua bado, watakwambia wewe si bosi wao. Kweli wewe si bosi wao. Punguza sauti badala ya kuipandisha, sogea hatua moja nyuma, mwite mlezi. Usigombane na mtoto mbele ya wenzake. Utashindwa, na ukishinda ni vibaya zaidi. Jambo ambalo sikulitegemea ni jinsi wanavyozijua haki zao. Mtoto wa miaka tisa anaweza kukueleza kwa utulivu kiasi gani cha pesa ya mfukoni anastahili kwa umri wake na nani wa kumlalamikia asipokipata. Mpe nafasi amalize.

Upande wa mapenzi kanuni ni hiyohiyo. Bisha hodi kwenye chumba cha mtoto na usubiri jibu. Kumbatio lianze kwake, si kwako. Busu la shavuni unalowapa wadogo zako nyumbani, libakishe nyumbani.

5. Waache wakusahihishe Kijerumani

Nenda na msingi. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam na Nairobi, na miezi michache ya darasa itakufanya uelewe angalau unapoitwa. Lakini Kijerumani cha kweli utakipata mezani. Mtoto ambaye asubuhi nzima shuleni ameambiwa kakosea, mchana anapata mtu mzima anayekosea der, die, das kuliko yeye. Usimnyime raha hiyo. Nimeona mtoto anayechukia kusoma akinisomea kitabu cha picha kutoka mwanzo hadi mwisho ili tu anifundishe kutamka.

Ukiweza, walipe. Wafundishe kuhesabu hadi kumi kwa Kiswahili kisha uwatoe nje mcheze kombolela. Bustani ya Kijerumani yenye banda la baiskeli ni uwanja mzuri ajabu wa kujificha. Mchezo wa rede nao unakwenda vizuri. Wao watakuketisha kwenye Mensch ärgere Dich nicht, mchezo uliochapishwa Ujerumani tangu 1910, ambao ukiutazama utaona ni ludo tu. Usijidanganye kwamba utashinda kirahisi.

6. Jioni ni mkate

Chakula cha moto ni cha mchana. Jioni wanaweka mezani mkate mweusi wenye mbegu, jibini, soseji baridi, matango na nyanya, kila mtu anajipakia. Mwezi wa kwanza utalala ukiwaza wali. Mwezi wa nne utakuwa na jibini lako unalolipenda na utakasirika likiisha.

Watakuomba upike. Usianze na ugali. Unga mweupe unapatikana kwenye maduka ya Waafrika ya miji mikubwa, na ule wa njano wa polenta si wenyewe kabisa, lakini shida si unga: mtoto aliyezoea tambi ataukodolea macho, nawe utavunjika moyo bure. Anza na chapati. Watoto wote wanapenda kusukuma, kila mmoja atataka yake, na watazipaka chokoleti. Fumba macho tu. Pilau ije mwezi wa pili, pilipili ikae pembeni. Kabla ya yote soma karatasi iliyobandikwa kwenye friji: nani ana mzio wa karanga, nani hali nguruwe. Katika makundi ya wakubwa huenda ukakuta vijana waliofika peke yao kutoka Syria, Afghanistan au Somalia, na wa Kismayu akiwa Mbajuni, usishangae salamu yako kuitikiwa.

7. Mvua haimzuii mtu

Kwetu mawingu yakitanda tunaita watoto waingie ndani. Wao wanawavalisha suruali za mpira na kuwatoa. Usibishane, nunua koti lako la mvua.

Baiskeli ni usafiri, na ina sheria. Mtoto chini ya miaka minane lazima aendeshe kwenye njia ya waenda kwa miguu, hadi miaka kumi anaruhusiwa bado. Taa ziwake, mkono unyooshwe kabla ya kukata kona. Kama hujawahi kuendesha baiskeli mjini, fanya mazoezi peke yako Jumapili kabla ya kuongoza msafara wa watoto watano.

Kuogelea ni jambo zito zaidi, nalo nalisema bila mzaha. Kiangazi watakwenda ziwani au bwawani karibu kila siku ya joto. Watoto wengi wana beji ya Seepferdchen: kuruka majini, kuogelea mita 25, kuokota kitu kwenye maji yanayofika mabegani. Kama umekulia Dodoma au Machakos na hujui kuogelea, itangaze kwenye kikao cha kwanza cha timu. Usione aibu, na usikubali kuwa mtu mzima pekee kando ya maji. Halafu waombe watoto wakufundishe; hakuna kitakachowapa kicheko kizuri kuliko hicho.

8. Nywele zako ni za kwako

Wataziomba wazishike. Wengine hawataomba. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, na ukikataa unamfundisha mtoto jambo analohitaji sana: kwamba mwili una mwenyewe. Utaulizwa kama una simba nyumbani, kama rangi inatoka ukioga. Kwa mtoto wa miaka sita hilo ni swali, lijibu ucheke.

Ipo siku utasikia neno ambalo si swali. Litatoka kwa mtoto aliyelisikia kwao, au kijana anayetaka kukuumiza kwa kuwa leo yeye kaumizwa, au mtu mzima kwenye basi mbele ya watoto wote. Kwa mtoto, mwambie wazi kwamba neno hilo haliruhusiwi na limekuuma, kisha ulifikishe kwa timu siku hiyohiyo, liandikwe daftarini. Ni jukumu la walezi kulishughulikia, si lako kulimeza. Kwa mtu wa basi, shuka na watoto salama kwanza. Timu nzuri haitakwambia "hakumaanisha". Ikikwambia hivyo, mpigie mratibu wako kwenye shirika lililokupeleka. Ndiyo kazi yake.

9. Simu ibaki kabatini

Hakuna picha ya mtoto mtandaoni. Hata ya mgongo, hata ya mkono ulioshika chapati, hata kwenye status ya WhatsApp inayofutika kesho. Wapo watoto ambao mahali wanapoishi hapapaswi kujulikana na mtu fulani. Marafiki watalalamika kwamba hawaoni Ulaya yako. Wapigie picha treni.

Na kisa cha mtoto ni picha pia. Jina lake, kilichomleta, ugonjwa wa mama yake: usimsimulie hata mwenzako wa Tanzania aliye mji mwingine.

10. Nyumbani wataamini umeshaukata

Unachopata ni posho, si mshahara. Malazi na chakula au fedha zake, bima, na pesa ya mfukoni. Ukishatoa vocha, sabuni na safari ya kumtembelea rafiki, kinachobaki ni kidogo. Lakini ukitua tu, ujumbe unaanza: ada ya binamu, bati za mjomba, "hata hamsini tu, si uko Ulaya?" Kaa na wazazi kabla ya safari, waeleze hesabu kwa kalamu na karatasi, na wao ndio wawaeleze wengine. Ukiamua kutuma kitu, tuma mara moja moja kwa unachokiweza, usijifunge kila mwezi. Kiangazi mmepishana na nyumbani saa moja, kipupwe saa mbili, kwa hiyo kipupwe mama akipiga saa kumi na mbili asubuhi yake, kwako bado ni saa kumi usiku. Mwambie na hilo.

11. Mambo madogo ya mtaa, kwa haraka

Ndani ya wiki mbili za kuhamia jiandikishe ofisi ya wakazi. Jumapili maduka yamefungwa, mashine ya kutoboa ukuta haiwashwi. Chupa ya plastiki ya kutumika mara moja na kopo la soda vina dhamana ya senti 25, usivitupe. Barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, si utapeli: inalipwa moja kwa nyumba nzima, kwa hiyo uliza wenzako nani analipa. Takataka zina mapipa manne na watoto watakukaripia. Polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto 112.

12. Desemba chukua zamu

Mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa kumi na kitu jioni, na wapo vijana wetu wanaodhani wanaumwa kumbe ni giza. Toka nje kila siku mchana, hata robo saa. Semina za mwaka, siku 25 kwa jumla, zitakukutanisha na wenzako. Usizikwepe, maana huko ndiko utakakocheka kwa lugha yako.

Watoto nao wanakuwa na mengi. Tarehe 11 Novemba wanatembea usiku na taa za karatasi, tarehe 6 Desemba wanakuta peremende kwenye viatu vyao, huku kila siku wakifungua kimoja kimoja vidirisha 24 vya kalenda ya kusubiri Krismasi. Usiku mkubwa ni wa tarehe 24, ndio wa zawadi. Wengi watakuwa wamechukuliwa na familia zao. Watakaobaki ni wale ambao hakuna aliyekuja kuwachukua, wawili au watatu, na meza ni ndefu. Ukiulizwa kama unaweza kufanya zamu ile jioni, kubali.

13. Aga mapema, na uombe karatasi yako

Miezi miwili kabla ya kuondoka waambie watoto, na uweke alama kwenye kalenda ya jikoni waione. Wengine watakununia, mmoja atakutangazia kwamba hajawahi kukupenda, mwingine atakukwepa wiki nzima. Wamezoea watu wanaoondoka bila kuaga, na wewe huna haja ya kuwa mmoja wao. Usiahidi kurudi. Usimpe mtoto namba yako kwa siri. Kama mnataka kuandikiana, postikadi ipitie kwa timu na iandikwe kwa wote.

Halafu jambo la ofisini. Mwisho wa huduma una haki ya cheti, na ukiomba, ya barua inayoeleza ulifanya nini na kwa kiwango gani. Hiyo ya pili ndiyo itakayosomwa ukiomba kazi au chuo cha ustawi wa jamii. Iombe mwezi mmoja kabla, isome na mlezi unayemwamini mkiwa pamoja, na kama kuna sentensi usiyoielewa, isirekebishwe ukiwa Dar. Irekebishwe kabla hujapanda ndege.